Mwaka wa Kaseti ya Zuhura

Mwezi uliopita tulimzika Zuhura huko Bunda, na kwa siku tatu nilikaa kwenye mkeka wa wafiwa nikisikiliza watu wakieleza habari za mtu ambaye mimi sikuwahi kukutana naye. Alikuwa mpole, walisema. Mtulivu. Mtu wa kukaa na cherehani yake na kunyamaza. Mkwe wake, binti mwenye adabu ambaye sina ugomvi naye, aliwaambia wageni waliotoka Mwanza kwamba tangu aolewe pale hajawahi kumsikia mama akipandisha sauti. Wageni wakatikisa vichwa kwa masikitiko. Mimi niliinuka nikaenda uani kuosha vikombe, maana ningebaki pale ningesema kitu kisichofaa kusemwa msibani. Na huko uani nikamkuta mpwa wake mmoja akimwambia mwenzake kwamba shangazi alikuwaga mpenzi wa rumba za zamani. Rumba! Niligonga kikombe kwenye karai mpaka kikapata ufa. Sijui kwa nini watu wakishakufa tunawapiga pasi namna hii, tunawanyoosha kila kunjo kama kanzu ya Ijumaa. Zuhura niliyemjua mimi aliwahi kusimama mbele ya geti la kiwanda saa moja asubuhi na redio kaseti juu ya kreti, akawapigia wanawake themanini muziki ambao mtu mwenye akili zake angedhani ni mabati yanaporomoka. Nimechoka kulibeba hilo peke yangu. Naliandika.

Nilikuwa na miaka ishirini, na nilikuwa nimepata kazi ya kupiga taipu katika kiwanda kimoja cha samaki pale Musoma mjini. Wakati ule sangara ndiye aliyekuwa bwana wa ziwa: minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, vichwa na miiba vikabaki kwetu. Nilipanga chumba Nyakato, nyumbani kwa Mzee Athumani, fundi cherehani, ambaye baba yake alitokea Tabora na mama yake Ukerewe, na mwenyewe ukimuuliza kabila lake anakujibu kwamba yeye ni mtu wa mjini. Ukuta kati ya chumba changu na chumba chao cha kushonea haukufika juu. Uliishia pale boriti zilipoanzia, ukaacha nafasi ya kutosha paka kupita. Kwa hiyo mimi na familia ile tuliishi pamoja upende usipende. Nilijua wanapokaanga vitunguu. Nilijua Mama Zuhura anapomsema mumewe na anaponisema mimi, kwamba naacha taa ya kibatari inawaka bure. Cherehani ilianza baada ya sala ya alfajiri, ikawa ndiyo saa yangu ya kuamkia. Zuhura, binti yao, alikuwa rika langu. Alikuwa ameishia darasa la saba, mkono wake mzuri kwa viraka na vifungo, na ulimi wake mbaya kwa kila kitu kingine.

Kaseti ililetwa na suruali. Kulikuwa na Mzungu mmoja kijana wa mradi wa visima, aliyefanya kazi vijiji vya kule Butiama, na kwa sababu ya kupiga magoti kwenye mapampu siku nzima suruali zake zote zilitoboka mahali pamoja. Zuhura ndiye aliyezitia viraka. Siku moja alimuuliza anasikiliza nini kwenye vile vidude vya masikioni, na yule kijana, ambaye kiredio chake kilikuwa kimeshauawa na vumbi, akatoa kaseti mfukoni akampa. Juu yake palikuwa na jina la bendi kwa kalamu ya wino, lakini jasho lilikuwa limelifuta. Jina la albamu tu ndilo lililosomeka, na kwa Kiswahili lingekuwa kama "Hatupangi Foleni Tena". Mpaka leo sijui wale watu ni akina nani. Binti yangu amenitafutia kwenye simu mara tatu, hapati. Zuhura aliambiwa tu kwamba ni wanaume watatu na mwanamke mmoja, wanatoka mji wa baridi uliokuwa na viwanda, na kwamba muziki huo unaitwa panki.

Siku ya kwanza nilidhani redio yao imeharibika. Nilikuwa nimelala mchana wa Jumapili, nimetoka kanisani, nimeshiba, na juu ya ukuta ukaanguka mlio wa magita kama watu wanaburuta masufuria kwenye sakafu, na ngoma inayokimbia, na mwanamke anayepiga kelele. Wimbo ukaisha upesi. Ukaanza mwingine, sawasawa na wa kwanza. Nikagonga ukuta. Zuhura akaja mlangoni kwangu akiwa bado na sindano mdomoni.

"Nyafuru, wewe una elimu ya fomfoo. Njoo unisikilizie huyu mama anasema nini."

"Hasemi kitu. Anapiga kelele."

"Hiyo nasikia. Nataka kujua anapigia nini."

Ndivyo nilivyopoteza Jumapili zangu za mwaka mzima. Tulikaa chini kwenye vipande vya vitambaa, tukapiga sentensi moja, tukazima, tukairudisha kaseti kwa kuizungusha na kalamu ili kuokoa betri. Betri zenyewe tulizianika dirishani, zipate jua, zisogee siku mbili tatu. Kiingereza changu kilikuwa cha vitabu vya shule, kile cha watu wawili kuulizana njia ya kwenda posta, na yule mama alikuwa anakitema kama makapi ya muwa. Nilikasirika. Nilimwambia Zuhura kwamba kama mtu ana jambo la maana la kusema, anaweza kulisema taratibu. Zuhura akasema labda alishalisema taratibu, wakamfanya hajasema. Nikaichomeka kalamu kwenye kaseti, nikairudisha kwa hasira.

Kidogo kidogo maneno yakatoka. Kulikuwa na wimbo wa watu wanaopaka rangi mabati ya magari, wanaokohoa rangi ileile usiku nyumbani. Kulikuwa na wimbo wa mheshimiwa anayekuja kukata utepe kwenye daraja ambalo watu wamelipita tangu enzi za babu zao. Kulikuwa na wa msichana wa dukani anayeambiwa atabasamu kila anapopita bosi, mpaka taya zinamuuma. Na mwisho wa upande wa kwanza kulikuwa na wimbo mfupi kuliko zote, haufiki dakika, ambao wote ni swali moja linalorudiwa mpaka sauti inapasuka. Niliandika kwenye daftari: "Ni nani aliyetamka maneno hayo?" Zuhura akalitazama.

"Hilo ataliimba nani? Mtu akikuambia jambo usilolitaka, wewe unasemaje?"

"Nani kasema?"

"Basi. Andika hivyo."

Nimejiuliza mara nyingi ni kitu gani kilimshika. Nyimbo hatukukosa. Tulikuwa na kwaya, tulikuwa na dansi, na redioni kulikuwa na mashairi ya kuhimiza kilimo. Lakini nyimbo zetu zililalamika kwa adabu. Aliyeachwa aliomba arudiwe, mwenye njaa alishukuru kwa kidogo, na anayemsema mkubwa alimsema kwa kuzunguka nyumba mara saba ili mkubwa mwenyewe asijue. Yule mama wa kaseti alipita mlango wa mbele. "Kakasirika, halafu haombi msamaha," Zuhura aliniambia siku moja akitoboa matundu ya vifungo. "Mimi nikikasirika naombaga msamaha hata sijamaliza kukasirika." Ndiyo hivyo tu. Wasomi wanaweza kueleza kwa maneno marefu kwa nini muziki wa watu wenye hasira unapendwa na watu wa mbali wasiojua hata lugha yake. Mimi nilimwona fundi mmoja wa viraka akisikia kwa mara ya kwanza kwamba hasira inaweza kukamilika.

Hakuishia kusikiliza peke yake, bila shaka. Akamwita Bhoke. Bhoke alikuwa mwenyeji wa Mugeta, mrefu, mchache wa maneno, aliyekata minofu kwenye kiwanda chetu. Alikuja kupinda khanga akabaki mpaka magharibi. Jumapili iliyofuata akaja na Sara, waliyesimama naye meza moja, msichana wa kutoka vijiji vya ziwani kama mimi, mcheshi, aliyecheka kila wimbo ulipoanza kana kwamba mtu amemtekenya. Mama Zuhura aliwaletea michembe ya viazi vitamu na chai, au sato wa kukaanga kama siku ilikuwa nzuri, akisema kwamba watu wenye hasira kiasi hicho lazima wale. Mimi nilikaa katikati yao na daftari langu, mkalimani mkuu, nikinung'unika kwamba mafuta ya samaki yanachafua kurasa. Nilinung'unika, lakini nilijisikia mtu. Hakuna aliyekuwa akiweza kujua yule mama anasema nini mpaka mimi nifungue mdomo.

Mzee Athumani aliivumilia ile kelele kwa staili yake. Alisema haimhusu, akageuza kiti, akaendelea kushona. Lakini ngoma ile ilikuwa inaingia miguuni. Siku moja, upande wa pili wa kaseti ukiwa unalia, niliona mguu wake unakanyaga pedeli kwa kasi ya wimbo, cherehani inanguruma, jasho linamtoka, na alipoinua macho alikuwa ameshona mguu mmoja wa suruali ya mwalimu mkuu ukawa umefungwa kabisa kule chini. Akaitazama ile suruali muda mrefu. "Huyu mama ana haki yake," alisema, "lakini mbona hapumui?" Akachukua kiwembe akaanza kufumua.

Sasa niseme habari za kiwanda, maana ndiko mambo yalikoharibikia. Wanawake wa minofu walisimama kuanzia asubuhi hadi alasiri juu ya sakafu yenye maji na barafu, na walivaa ndala. Miguu ilivimba, kucha zikageuka rangi. Choo kilikuwa na ufunguo mmoja, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa msimamizi, aliyeutoa mara mbili kwa zamu. Mimi nilikaa ghorofani kwenye chumba kikavu, na mashine ya taipu, na dirisha linalotazama geti. Niliyajua hayo yote kama mtu anavyojua kuna mvua nje. Kisha wiki moja msimamizi akamwambia Bhoke hairuhusiwi kwenda choo kabla ya saa nne, na Bhoke, bila kuinua kisu kwenye mnofu, akauliza, "Nani kasema?" Hakuwa na sauti ya ugomvi. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Sara akacheka. Msimamizi alikuwa hajawahi kuulizwa, na ukweli ni kwamba hakujua nani kasema. Akaenda kuuliza juu. Huko juu nako hawakujua.

Baada ya hapo lile swali likasambaa kama homa. Meza nzima, kisha meza zote. Hairuhusiwi kuongea. Nani kasema? Ndala zenu nunueni wenyewe. Nani kasema? Wengi wao hawakuwahi kuisikia kaseti hata siku moja. Mimi nililisikia likipanda ngazi na kuingia ofisini, na niseme ukweli nilivyojisikia: nilijisikia mwenye mali. Lile lilikuwa neno langu, limetoka kwenye daftari langu.

Meneja hakuwa mtu mkatili, na hilo ndilo linanichosha zaidi, kwa sababu mkatili ningeweza kumsingizia kwamba alinitisha. Aliniita, akaniambia nikae, akaniuliza kwa sauti ya kawaida, "Binti, hili neno lao la nani kasema limetoka wapi?" Ningeweza kusema sijui. Wakati ule kila karani wa Musoma alilijua sana neno sijui, tulilitumia kutwa. Badala yake nikamweleza. Nilimweleza kwamba ni wimbo wa Kiingereza, wa aina inayoitwa panki, kwamba tunausikiliza Jumapili pale ninapokaa, kwamba Bhoke ndiye aliyeupenda na kuuleta huku. Nilimweleza hata jinsi nilivyoanza kuutafsiri kwa maneno marefu nikayafupisha. Nilitaka aone kwamba najua lugha. "Kumbe una kichwa," alisema. Alasiri akanipa karatasi aliyoiandika kwa mkono, nimpigie taipu. Ilikuwa barua ya kumwachisha kazi Bhoke, kwa kukaidi maelekezo. Niliipiga bila kosa hata moja. Sara na wengine hawakupewa barua.

Jioni ile nilikaa chumbani kwangu bila kuwasha kibatari. Bhoke alikuja upande wa pili wa ukuta na barua imefungwa kwenye pindo la khanga. Nilimsikia Zuhura akiisoma kwa silabi, kama mtoto wa darasa la pili, akifika mwisho na kurudia mwanzo. Mama Zuhura akasema, "Yarabi." Kisha Zuhura akauliza, "Nani kawaambia ni wewe?" Na Bhoke akajibu, "Wote tulikuwa tunasema. Mimi sijui kwa nini mimi." Cherehani ilikuwa imesimama, na mimi upande wangu niliuziba mdomo wangu kwa kiganja, maana nilikuwa nahema kwa sauti. Ukuta ule ambao nilikuwa nimeulaani mwaka mzima kwa ufupi wake, siku ile niliuona mrefu na nikashukuru.

Jumatatu asubuhi nilikuwa dirishani kwangu ghorofani, na nilimwona Zuhura anakuja na redio kichwani, imefungwa kwenye kitenge kama mtoto. Akaiweka juu ya kreti la samaki mbele ya geti. Bhoke alisimama pembeni yake, mikono imekunjwa. Wanawake wa zamu ya asubuhi walikuwa wanafika wawili watatu, na yule mama wa mji wa baridi akaanza kuwapigia kelele. Baadhi walicheka. Mlinzi aliziba masikio. Zuhura hakuwa na hotuba. Wimbo ulipoisha alisema tu, "Leo Bhoke haingii. Nyinyi mnaingia?" Akapiga unaofuata. Betri zilizokaushwa juani hazina maisha. Katikati ya wimbo wa mheshimiwa na daraja sauti ikaanza kushuka, ikawa nzito kama ya mwanamume mlevi, ikafa. Ningedhani hapo ndipo mwisho. Lakini wakati ule walikuwa wameshakuwa wengi, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kupita mbele ya Bhoke kuingia getini. Wakakaa chini, vibegi vyao mapajani.

Hawakuingia siku ile, wala ya pili, wala ya tatu. Mitumbwi ilileta sangara, barafu ikayeyuka, harufu ikapanda mpaka kwenye karatasi zangu. Kila asubuhi nilipita katikati yao kwenda kazini, kwa sababu mimi sikuwa mkata minofu, mimi nilikuwa karani, na walinipisha, wengine wakanisalimia. Siku ya nne buti za mpira zikaletwa kwenye lori, na ufunguo wa choo ukatundikwa ukutani kwenye msumari ambapo kila mtu anaufikia. Wanawake wakaingia. Bhoke hakurudishwa, meneja alisema barua yake imeshakwenda makao makuu, haifutiki. Baada ya miezi miwili Sara akafanywa msimamizi wa meza. Na mimi, kwa kuwa mtu fulani alikuwa amehesabu wafanyakazi wote bila kubagua, nililetewa buti. Zilikaa chini ya meza yangu mpaka nilipoacha kazi. Huwa nakasirika nikikumbuka zile buti kuliko nikikumbuka barua.

Mzee Athumani aliitwa ofisi fulani mjini, akaulizwa kama nyumbani kwake anafuga wachochezi. Alirudi amepungua. Hakumgombeza binti yake. Alimfungia nguo zake kwenye mfuko wa rambo akampeleka Butiama kwa dada yake, mpaka watu wasahau. Kaseti akaifungia kwenye sanduku lake la mikasi. Kisha akaja mlangoni kwangu, amevua kofia, akaniomba radhi mimi kwa ile kelele ya mwaka mzima. "Sasa utapumzika, mwanangu," alisema. Sikupumzika.

Nilimfuata Zuhura Jumapili ya tatu. Nyumba ya shangazi yake ilikuwa chini ya mawe yale makubwa, na juu ya mawe muhogo ulikuwa umeanikwa mweupe kama nguo. Nilipokuwa nakaa, nilimsikia shangazi jikoni akimwambia mtu, "Ni yule wa taipu. Mpeni maji." Zuhura alikuwa anabandua maganda ya muhogo. Nilimwambia yote, tangu kwenye kiti cha meneja mpaka mwisho wa barua, haraka haraka, bila kupumua. Aliendelea kubandua.

"Sikujua kama watamfukuza," nilisema.

"Hukujua au hukujiuliza?"

Nilichukua muhogo mmoja, nami nikaanza kubandua.

"Unajua kinachonishangaza, Nyafuru? Sisi wote tulikuwa tunasikia kelele. Wewe peke yako ndiye uliyekuwa unajua maneno."

Tulikula ugali wa muhogo na furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kuchemsha, pamoja na shangazi, tukazungumza habari za mvua. Alinisindikiza mpaka barabarani, akanibebea mfuko. Nilipomuuliza kama atamwambia Bhoke, alisema hapana, hiyo si kazi yake. "Mwambie mwenyewe. Mimi siwezi kumwambia mtu kwa niaba yako." Akanishika mkono, gari likaja.

Na hapo ndipo anapoanza yule Zuhura waliyemzika. Aliolewa Bunda, akafungua chumba cha kushonea sare za shule, akafundisha wasichana kazi, na ni kweli sauti yake ilishuka. Lakini nendeni mkaulize ofisi yoyote ya mji ule iliyowahi kumwambia mjane au muuza dagaa kwamba jambo haliruhusiwi. Alikuwa anakwenda na huyo mtu, anakaa kwenye benchi, anauliza taratibu nani kasema, na anangoja. Alikuwa na subira ya kutisha. Mimi mwenyewe ninaijua. Kila mwaka, kwa barua na baadaye kwa simu, baada ya habari za watoto na magonjwa, aliniuliza kwa sauti ileile, "Na Bhoke umeshamwambia?" Nilimwambia safari ijayo. Nilimwambia Bhoke amehama. Mwaka mmoja nilimfokea, nikamwambia mambo ya kale yana watu wake. Akasema, "Sawa, mwenzangu," na mwaka uliofuata akauliza tena. Mjini Musoma nilipomwona Bhoke sokoni nilikata kona kwenye mitumba nikajifanya napima makoti, jua la saa nane, makoti ya baridi. Miaka thelathini.

Siku ya tatu ya msiba, baada ya hitima, nilikuta nafasi moja tu kwenye sinia la pilau, na aliyekaa jirani na nafasi ile alikuwa Bhoke. Amezeeka, anatembelea fimbo, mguu mmoja haukunji. Alinitazama akasema, "Kaa basi, wali unapoa." Nikakaa. Wengine wawili kwenye sinia waliondoka kunawa, tukabaki sisi.

"Bhoke," nilisema, "ile barua ya kiwandani ni mimi niliyeipiga taipu."

"Najua. Nani mwingine alikuwa na mashine?" Akatenga mfupa pembeni. "Hilo ndilo lilikuwa linakukimbiza sokoni miaka yote? Mimi nilidhani una deni la mtu."

Ningeweza kuishia pale. Alikuwa amenifungulia mlango, na mimi ni mtu wa kupita kwenye mlango uliofunguliwa. "Na ni mimi niliyemwambia meneja kwamba ni wewe," nilisema. "Aliniuliza neno limetoka wapi. Nikamtajia jina lako."

Mkono wake ukasimama juu ya wali.

"Ulimwogopa?"

"Hapana. Nilikuwa najisifia Kiingereza."

Aliangalia uani ambako wanawake walikuwa wanasugua masufuria. Nilingoja anitukane, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi ya kila aina. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mimi nilijua ni Sara," alisema. "Alipopewa usimamizi nikajua ni yeye, ndiyo malipo yake. Alikuja kwangu mara ngapi, Nyafuru. Alikuja na mtoto mgongoni. Nilimfungia mlango. Alipokufa sikwenda hata kumzika."

Bhoke akanawa mkono kwenye bakuli, kidole kimoja kimoja, akajifuta kwa khanga, akashika fimbo yake.

"Binti yake anakaa Bweri. Kesho tunakwenda."

"Bhoke, kesho mimi nina..."

"Sikukuuliza una nini."

Tulikwenda. Njia nzima kutoka Bunda hakunisemesha, na sikumlaumu. Bweri tulishuka, tukaulizia, tukapelekwa kwenye nyumba mpya ya matofali isiyopigwa lipu bado. Mwanamke wa miaka kama thelathini alikuwa anapepeta dagaa kwenye ungo, ana uso wa Sara mtupu, uso ule wa mtu anayekaribia kucheka. Akatuamkia, akatupa viti viwili vya plastiki, akauliza tumetokea wapi. Bhoke hakukaa. Alisimama nyuma ya kiti changu, akaegemea fimbo, na nikahisi ngumi yake imegusa mgongo wangu, si kwa nguvu.

"Haya," alisema. "Sema, na useme taratibu, asikie."

"Mwanangu," nilisema, "mimi ndiye niliyekuwa karani kiwandani kwa mama yako."